Rejeta ya Mahali pa Heshima

Jumatatu, 13 Januari

Baridi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Mji wetu wote wa Naryn umeganda. Mimi sijambo.

Wakwe wamepiga simu. Tuseme wakwe watarajiwa. Wanakuja Jumapili kumvisha Nurzada wangu hereni, na hereni zikishaingia masikioni, binti ameshaposwa, habari imekwisha. Atakayezivisha ni bibi yake Emil, ajuza wa miaka themanini na moja, aliyekataa katakata kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Ila mwezi uliopita alilazwa kwa sababu ya mapafu. Baba yake Emil akauliza, kwa adabu sana, kama nyumba yetu ina joto la kutosha. Kama halitoshi hakuna ubaya, watangoja mpaka Emil arudi kutoka Urusi anakokwenda kufanya kazi. Anaondoka tarehe ishirini na tano. Anarudi baada ya miaka miwili.

Nikamjibu kwamba kwangu mwezi wa kwanza tunakaa na mashati tu. Nurzada alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa cha vyombo mkononi. Alitabasamu mpaka nikaingiwa na hofu.

Nikaenda kuigusa rejeta ya kwenye tor, ile ya chuma inayopitishwa maji ya moto ya boila ili kupasha chumba. Tor ndipo mahali pa heshima, ukuta wa ndani kabisa, mbali na mlango, na ndipo atakapoketishwa bibi. Rejeta ile niliiunga mwenyewe mwezi wa kumi na moja. Sehemu kumi na nne! Mtaa mzima hakuna aliye nayo. Ilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Rejeta mbili za karibu na mlango zinaunguza. Hii ya tor, wapi. Basi tatizo si moto, ni mzunguko wa maji. Nimekuwa tabibu wa mifugo miaka thelathini na moja na mzunguko naujua. Boila ni moyo, mabomba ni mishipa. Mguu ukipoa, moyo umelegea. Dawa ni kumlisha mgonjwa.

Nimelilisha boila ndoo tano za makaa ya mawe badala ya mbili. Likanguruma. Tangi dogo la darini likatoa mvuke. Chumba cha mbele mke wangu Batma alikuwa anakanda unga huku jasho linamtiririka, na kule kwenye tor unaiona pumzi yako mwenyewe.

Batma alifuta mikono, akapitisha kiganja juu ya bomba kuanzia mlangoni. Akasema lina moto mpaka pale linapopanda juu ya mifarishi ya marehemu mama, iliyopangwa kwenye tor. Likishuka upande wa pili, limekufa. Nikamshukuru, nikamwambia arudi kwenye unga wake.

Jumanne, 14 Januari

Nimegundua. Ni pampu!

Nilichukua kile kipimio changu cha kusikilizia mapigo ya ng'ombe, nikakiweka juu ya pampu. Mapigo ya haraka, dhaifu, yenye mkwaruzo. Ningekuwa nasikiliza kondoo ningemwambia mwenyewe achinje leo leo.

Nikafunga koki mbili, moja kila upande wa pampu. Nikaifungua pampu, nikaisafisha, nikaipaka mafuta, nikairudisha. Batma akauliza kama ndani ilikuwa chafu. Haikuwa chafu. Lakini usafi haujawahi kumdhuru mtu.

Saa mbili baadaye rejeta zote zilikuwa baridi. Zote! Boila nalo likaanza kupiga mateke kama farasi aliyefungiwa zizini. Nikasikiliza tena. Nikahisi pengine pampu imekasirika.

Nurzada akaingia, akaangalia, akauliza kofia yangu inafanya nini hapo. Nilikuwa nimeitundika kwenye mpini wa koki ya pili nilipokuwa nafanya kazi. Akaiondoa. Koki ilikuwa bado imefungwa.

Kosa la kofia. Tumerudi pale pale: mbele moto, tor baridi.

Batma akasema kwa sauti ya chini kwamba jirani yetu Doolot alifanya kazi miaka ishirini kwenye boila kubwa linalopasha mji, na mlango wake uko hatua kumi na tano kutoka kwetu. Nikamwambia Doolot akikanyaga humu, mimi nitalala na kondoo. Akaniambia, "Mficha uchi hazai, baba Nurzada." Nikamjibu kwamba mimi nimeshazaa, na ndiyo maana tuna shida hii.

Niandike ili isisahaulike. Miaka mitatu iliyopita, kwenye arobaini ya marehemu Kasymaaly, Doolot aliketishwa juu yangu, karibu zaidi na tor. Nyama ilipogawiwa, yeye akapewa mfupa wa nyonga. Mimi nikapewa mguu wa mbele, kama kijana. Amenizidi miezi minne! Na tangu siku hiyo ananiita bwana mdogo.

Jumatano, 15 Januari

Damu chafu. Sijui kwa nini sikuwaza mapema.

Mgonjwa mwenye damu nzito, mzunguko hufika karibu ukaishia hapo. Maji yaliyomo kwenye mabomba ni ya tangu mwezi wa kumi na moja. Nimeyamwaga yote. Yalitoka meusi kidogo, nikafurahi sana, nikamwita Batma aje aone. Akaja, akaona, akaondoka.

Kujaza ndiyo ilikuwa kazi. Mfereji wa uani umeganda, kwa hiyo tulichota mtoni, kwenye tundu la barafu, mimi na Nurzada, ndoo kwa ndoo, tukayapandisha darini kwa ngazi. Ndoo thelathini na nane. Binti hakulalamika. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo, nikiona midomo yake inacheza.

Doolot alitoka kumwaga majivu yake. Akasimama. Akaniuliza kama najenga bwawa. Nikamwambia nabadilisha maji kwa ajili ya afya. Akauliza kama nimeshatia mahali pa kutolea hewa kwenye lile daraja langu. Nikapanda ngazi na ndoo yangu.

Lile analoliita daraja ni kazi yangu bora kuliko zote. Ukutani kwenye tor lipo sanduku la marehemu mama yangu, na juu ya sanduku mifarishi yake kumi na sita, imepangwa mpaka karibu na dari, kama inavyotakiwa kwenye nyumba ya watu wenye adabu zao. Mifarishi haisogezwi kwa ajili ya bomba. Bomba ndilo linaloipisha. Kwa hiyo nililipandisha wima, likavuka juu ya mifarishi yote, likashuka upande wa pili mpaka kwenye rejeta. Kila anayeingia husimama kulitazama. Doolot alipokuja kulitazama alisema lile neno lake: "Na hewa itatokea wapi?" Anataka nitundike koki juu ya mifarishi ya mama, idondoshe matone ya maji machafu! Wivu tu.

Nimewasha boila. Maji mapya, damu mpya. Rejeta za mbele moto. Rejeta ya tor, ambayo jana ilikuwa baridi, leo ni baridi zaidi. Naona dawa bado haijaingia.

Alhamisi, 16 Januari

Dawa haikuingia.

Nimegonga bomba kwa spana kila baada ya hatua moja, kama unavyomgonga ng'ombe ubavuni. Kabla ya mifarishi linatoa sauti nzito. Juu ya mifarishi linatoa sauti tupu, kama ngoma. Inapendeza kuisikiliza. Nikaandika pembeni: "Juu, ngoma." Sijui maana yake nini.

Batma alikuwa amekaa anamenya vitunguu. Akaniuliza ni ng'ombe wa namna gani anayetoa sauti ya ngoma ubavuni. Nikamweleza, kwa kuwa yeye hakusoma, kwamba huyo ni ng'ombe aliyevimbiwa. Amejaa hewa, chakula hakipiti. Unamtoboa pale palipoinuka zaidi, hewa inatoka kwa mlio, na baada ya muda mfupi ananyanyuka anakula. Nimetoboa mamia. Watu walikuwa wanakuja kunichukua kwa farasi kutoka mabondeni.

Batma akasimamisha kisu katikati ya kitunguu. Halafu akasema, "Basi wewe unajua." Nikasema naam, najua. Ni vizuri mke akikutambua hata kwa kuchelewa.

Jioni nilikwenda kuchukua makaa nikamkuta Nurzada kwenye kibanda cha boila, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia. Hakuniona. Nikarudi nyuma taratibu. Emil ni kijana mzuri. Ana masikio makubwa, lakini mzuri. Miaka miwili Urusi, nani anajua atarudi na moyo gani. Nilijisikia vibaya sana. Nilisimama nje kwenye theluji mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikarudi ndani bila makaa.

Sina budi kufanya jambo kubwa.

Ijumaa, 17 Januari

Jambo kubwa limepatikana. Liko mbele ya macho yetu siku zote.

Tor ni nini? Ni mahali palipo mbali na mlango. Sasa, mlango wetu uko upande wenye joto, na tor upande wa baridi. Lakini kule upande wa baridi upo mlango mwingine, wa kibaraza cha kiangazi, tunaoufunga kila mwaka kwa miezi sita. Nikiufungua huo na kuupigilia misumari mlango wa mbele, wageni wataingilia kibarazani. Mahali palipo mbali na mlango patakuwa hapa, kwenye rejeta zinazounguza. Tor imehama! Sijagusa bomba hata moja. Akili kama hii haisomewi.

Nikaanza kazi asubuhi. Mlango wa kibaraza tulikuwa tumeuziba kwa vipande vya karatasi na gundi ya unga, na manyoya ya kondoo kwenye nyufa. Nikabandua vyote. Nikaufungua kujaribu. Barafu ya chini ilikuwa imenyanyuka kidogo, na mlango ulipofunguka haukufungika tena.

Sijawahi kuona baridi ikiingia nyumbani kwa miguu yake. Hii niliiona. Ilipita chini, nyeupe, ikaifikia ile rejeta ya sehemu kumi na nne. Batma akaja mbio kutoka jikoni. Aliponiuliza nafanya nini, nikamweleza mpango. Akasikiliza mpaka mwisho, sharti nimpe haki yake. Kisha akauliza kama mifarishi ya mama nayo itahamia upande ule, maana mifarishi lazima iwe tor, au bibi wa watu atatazama mifarishi mlangoni pamoja na viatu. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Akauliza pia maiti wa nyumba hii watatolewa mlango gani. Hapo alikuwa amekasirika.

Ilituchukua saa tatu kuurudisha mlango, kwa maji ya moto na shoka. Tuliuziba upya kwa gundi iliyopikwa kwa unga wa maandazi ya Jumapili. Nilipoweka kipimio chini ya rejeta nikasikia mlio mwembamba, trrr, kama panya anaguguna mfupa. Batma naye akasikiliza. Akasema ni barafu, inaanza kushika. Ikishika sawasawa rejeta itapasuka, na kwenye tor tutakuwa na kidimbwi.

Tumeifunga kwa matambara ya maji ya moto. Mmoja analoweka, mwingine anakamua. Nurzada aliinama kwenye ndoo. Aliloweka, akakamua, akaloweka. Alipomaliza akaja kusimama mbele yangu.

Akasema, "Baba, wewe unamwogopa mjomba Doolot kuliko unavyonipenda mimi?"

Nikabeba ndoo nikaenda kumwaga maji. Nimekaa nalo jambo hili tangu saa kumi. Simwogopi. Nimeandika hapa ili ijulikane kwamba simwogopi.

Jumamosi, 18 Januari

Asubuhi, chai haijachemka, Nurzada akajifunga shuka la sufu akatoka. Sikumzuia. Nilikuwa nimekwenda kuwaangalia kondoo wakati huo, kwa hiyo hata ningetaka kumzuia nisingeweza.

Niliporudi Doolot alikuwa sebuleni amevua viatu. Hakunisalimu kwa kejeli, jambo lililoniudhi zaidi. Alitembea akilifuata bomba, kiganja juu yake, kuanzia mlangoni, vilevile alivyofanya Batma Jumatatu. Akafika kwenye mifarishi. Akasimama. Akatazama juu. Akapanda kwenye kigoda, akaligonga bomba mara moja kwa kifundo cha kidole.

"Bwana mdogo," akaniambia, "ng'ombe wako amevimbiwa. Na tabibu yuko humu humu ndani."

Nurzada akaziba mdomo. Batma akaenda jikoni, nikasikia anapiga masufuria ambayo hayakuhitaji kupigwa. Nikamwambia Doolot kwamba nilishaandika kuhusu ngoma tangu Alhamisi, ninaweza kumwonyesha. Hakutaka kuona.

Akaeleza, ingawa sikuuliza: hewa hupanda. Inakimbilia palipo juu kuliko pengine pote, inakaa pale kama mfalme, na maji hayana nguvu ya kuisukuma. Kila nilipomwaga maji na kutia mapya, nilileta hewa mpya. Zile ndoo thelathini na nane, kila moja ilikuja na posho yake ya hewa.

Tukaondoa mifarishi. Nilitaka kukataa, lakini Batma alikuwa ameshashika wa kwanza. Alimwomba mama radhi kwa sauti, mfarishi mmoja mmoja, mpaka kumi na sita. Doolot akapunguza maji, akatoboa tundu pale juu kabisa, akafunga koki ndogo isiyozidi kidole. Tukajaza maji, tukawasha. Akamwita Nurzada afungue yeye.

Ilitoka hewa. Nilidhani itatoka kidogo. Ilitoka muda wa kunywa bakuli mbili za chai, kwa mlio uleule wa ng'ombe, na mimi mlio ule naujua kuliko mtu yeyote hapa mjini. Kisha ikatema mate, kisha maji. Batma alikinga kwa kitambaa. Matone matatu tu yalimponyoka, yakaangukia kwenye sanduku.

Tulikaa wanne tumeitazama rejeta. Sehemu ya kwanza ikapata joto. Ya pili. Nurzada alikuwa akizigusa moja moja, anahesabu kwa sauti safari hii. Alipofika kumi na nne akamkumbatia Doolot, kisha akanikumbatia mimi. Mimi alinikumbatia muda mrefu zaidi. Nilipima.

Jumapili, 19 Januari

Wamekuja. Watu kumi na mmoja, magari matatu, kondoo mmoja aliyechinjwa na masanduku ya peremende.

Bibi yake Emil ni mdogo kama mtoto wa darasa la tatu na amevaa makoti mawili. Tukamketisha tor, mgongo kwenye mifarishi ya mama. Akavua shali. Baada ya chai akavua koti la kwanza. Chakula kilipoletwa akavua la pili, akabaki na kizibao, akajipepea na kitambaa, akasema ameishi themanini na moja hajawahi kutoka jasho mwezi wa kwanza. Baba yake Emil akanitazama kwa heshima. Nikamwambia, nilikwambia, mashati.

Kisha bibi akamwita Nurzada. Akatoa hereni, akatafuta tundu la sikio muda mrefu kwa vidole vya kizee. Zikaingia. Moja, halafu ya pili. Batma akalia waziwazi. Mimi nilikuwa na kitu jichoni, nadhani majivu.

Bibi akauliza nani alitengeneza joto hili. Nikafungua kinywa. Batma akasema, "Jirani yetu, mama. Doolot." Bibi akauliza kwa nini mtu kama huyo hayupo hapa wakati watu wanakula. Emil, na masikio yake, akatumwa kumwita. Doolot akaja amevaa koti la sherehe. Alikuwa ameshalivaa, kana kwamba alikuwa amekaa nalo anangoja! Bibi akamketisha kando yake, juu yangu, na nyama ilipogawiwa akampa mwenyewe, kwa mkono wake, mfupa wa nyonga.

Mimi nilipewa mguu wa mbele. Nyumbani kwangu.

Jumatatu, 20 Januari

Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Nyumba ina joto kila mahali. Wageni wameondoka na harusi ni mwezi wa nne Emil akikubali kuahirisha Urusi, na amekwisha kukubali.

Mwezi wa nne Nurzada atahama. Nilipita chumbani kwake alipokuwa nje anakamua ng'ombe. Kitanda, dirisha, vitabu vyake vya shule. Chumba hicho hakijawahi kuwa na rejeta. Siku zote amelala amejifunika mifarishi miwili na hajawahi kusema. Leo ndiyo nimefikiria jambo hilo na lilinichoma.

Basi nimeamua. Atakapokuja kututembelea atakuta chumba chake kina moto. Rejeta ya sehemu kumi na nane. Nimeshapima kila kitu kwa kamba. Bomba litatoka sebuleni, ila njiani kuna mlango, na mlango haukatwi. Kwa hiyo litapanda wima, livuke juu ya mlango, lishuke upande wa pili. Nimelichora. Linapendeza kuliko lile la kwanza.

Nilimwonyesha Batma mchoro. Akaweka kidole pale juu, katikati ya mlango, akakiacha hapo. Anaona jinsi lilivyonyooka.

Koki sitatia. Hapo chini hakuna mifarishi, bomba litavimbiwa na nini? Kazi naanza kesho mapema, kabla Doolot hajatoka kumwaga majivu.